Mabwawa ya udongo Migori na Homa Bay: Wajenzi wengi, mlinzi hakuna

KILA mvua ya masika inapokaribia, wakazi wa kaunti za Migori na Homa Bay huwa na maombi mawili yanayokinzana. Huomba mvua inyeshe ya kutosha ili mabwawa na silanga vijae, kisha huomba isipite kiasi, kuta za udongo zisije zikapasuka. Ombi la kwanza linahusu uhai wa mifugo na mashamba yao. La pili linahusu uhai wa wale wanaoishi chini ya kuta hizo.

Kati ya maombi hayo pana swali ambalo limedumu tangu enzi za ukoloni: bwawa dogo la kijiji ni la nani? Wakati wa kulijenga, wenyewe hujitokeza kwa wingi. Yupo mbunge aliyetoa fedha, yupo afisa wa kaunti, lipo shirika la misaada na yupo mwanakandarasi. Miaka kumi baadaye, ukuta unapopata ufa na njia ya maji ya ziada kuziba, ni nadra kumpata hata mmoja wao anayekubali kwamba kuutengeneza ni wajibu wake.

Suala hili limekuwa zito zaidi baada ya misiba miwili iliyoitikisa Kenya mwaka 2018 na 2024. Hakuna hata mmoja uliotokea katika eneo la Nyanza Kusini. Hata hivyo, mambo yaliyosababisha vifo vya Solai na Mai Mahiu hayajui mipaka ya kaunti, na mengi yake yanaweza kuonekana kwa macho katika bwawa lolote la udongo ambalo halina mtu wa kulichunga.

Kiu kando ya ziwa

Mgeni anaweza kushangaa kwa nini kaunti mbili zinazopakana na Ziwa Viktoria zihitaji mabwawa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,131,950 Homa Bay na 1,116,436 Migori. Wengi wao huishi mashambani, mbali na ufuo, katika ardhi iliyo juu kuliko ziwa. Kuyapandisha maji ya ziwa hadi vijiji vya Ndhiwa, Rangwe au Uriri kunahitaji mitambo, umeme na mabomba, na gharama yake hurudi kwa mtumiaji kila mwezi. Mabomba yanapofika, mara nyingi hufika mijini na masokoni kwanza.

Wanaoishi karibu na ufuo nao hawako salama. Sehemu za Nyatike, Karachuonyo na Suba hupata mvua chache kuliko nyanda za Rongo na Kuria. Mito ipo, lakini haitabiriki. Mto Kuja, unaoanzia nyanda za juu za Kisii, hufurika na kuwahamisha wakazi wa Nyatike mara kwa mara, ilhali kiangazi kikikolea, vijito vingi vya eneo hilo hukauka kabisa. Awach Tende na Awach Kibuon, mito inayotumiwa na mradi wa unyunyiziaji wa Kimira-Oluch katika Kaunti ya Homa Bay, huwafaa walio karibu na mifereji yake. Aliye mlimani hubaki na bwawa.

Kwa hivyo bwawa la udongo si anasa wala masalio ya zamani. Ndilo tangi la maskini. Hunywesha ng'ombe, humwagilia mboga, hutoa maji ya kufulia na, mahali pasipo na kisima, hutoa ya kunywa. Linapokauka, wanawake na watoto hutembea mwendo mrefu zaidi na wafugaji hugombania visima vichache vilivyosalia. Mjadala wowote kuhusu usalama usioanzia hapo utakuwa umekosa mguu wa kusimamia.

Historia yenyewe inaeleza kwa nini umiliki wa mabwawa haya umevurugika. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, kuanzia mwaka 1946, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kustawisha ardhi za Waafrika, uliojulikana kwa ufupi kama ALDEV, na mabwawa ya mifugo yakawa miongoni mwa kazi zake kuu nchini. Baada ya uhuru zikaja harambee. Mwaka 1979 ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji wa Bonde la Ziwa. Makanisa na mashirika ya kigeni yakachangia. Mwaka 2003 ikaanzishwa Hazina ya Ustawishaji wa Maeneo Bunge, na tangu mwaka 2013 serikali za kaunti nazo zimekuwa zikichimba silanga. Kila enzi ilikuwa na faili zake, wahandisi wake na wafadhili wake. Enzi ilipopita, faili ziliondoka na wenyewe. Ukuta ulibaki.

Solai na Mai Mahiu

Usiku wa Mei 9, 2018, ukuta wa bwawa la shamba binafsi huko Solai, Kaunti ya Nakuru, ulipasuka baada ya mvua kubwa. Maji na matope yaliteremka hadi makazi ya watu na watu wapatao 48 wakafariki, wengi wakiwa wanawake na watoto. Baadaye mwaka huo watu kadhaa, wakiwemo maafisa wa umma, walifikishwa mahakamani kwa mashtaka ya kuua bila kukusudia. Seneti nayo iliunda kamati ya kuchunguza mkasa huo.

Jambo lililowashangaza wengi lilikuwa ni kwamba bwawa lile halikuwa limejificha. Lilionekana na kila mpita njia, na lilikuwa pale kwa miaka mingi. Lililokosekana ni ukaguzi wenye meno: mtu mwenye mamlaka ya kupanda juu ya ukuta, kuandika alichokiona na kuamuru maji yapunguzwe.

Mai Mahiu ilitoa funzo la pili. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yalifagia vijiji karibu na mji huo na kuua makumi ya watu. Habari za kwanza zilisema kuwa bwawa la Old Kijabe limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ilieleza kuwa maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli, baada ya mfereji unaopita chini yake kuzibwa na miti, mawe na matope. Kwa maneno mengine, lililoua halikuwa bwawa katika orodha ya mtu yeyote. Lilikuwa tuta la udongo lililogeuka bwawa kwa sababu njia ya maji iliziba.

Funzo hilo linaihusu Nyanza Kusini moja kwa moja. Barabara nyingi za mashambani huko hupita juu ya matuta yenye mifereji myembamba ya saruji. Mfereji wa namna hiyo ukizibwa na mabua ya mahindi, mabaki ya miwa na takataka za soko, tuta la barabara huanza kufanya kazi ambayo halikujengewa.

Siku chache baada ya Mai Mahiu, serikali ya kitaifa iliwapa wakazi walio karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178 saa 24 wahame. Hatua hiyo ilikuwa na nia njema. Hata hivyo ilifichua udhaifu mkubwa. Amri ya kuhama kwa saa 24 hutolewa pale ambapo kazi ya miezi na miaka haikufanyika. Mtu anayeambiwa ahame usiku na mvua inanyesha, na haelezwi aende wapi wala atarudi lini, mara nyingi hubaki alipo.

Jinsi bwawa linavyokufa

Wahandisi wanaochunguza mabwawa ya udongo duniani wameonyesha kuwa idadi kubwa ya yale yanayopasuka huangushwa na mambo mawili. La kwanza ni maji kupita juu ya ukuta. La pili ni maji kupenya ndani ya ukuta au chini yake na kuuchimba taratibu kutoka ndani.

Ukuta wa saruji unaweza kuvumilia maji yakipita juu yake kwa muda. Ukuta wa udongo hauwezi. Maji yakishapata mahali palipobonyea, hukata mfereji mdogo, mfereji ukapanuka, na baada ya muda mfupi bwawa zima likawa linatokea penye pengo hilo. Ndiyo sababu kila bwawa la udongo huwa na utoro, yaani njia ya pembeni inayopitisha maji ya ziada kabla hayajafika ukingoni. Utoro ukiwa mzima na mpana wa kutosha, bwawa hupumua. Ukizibwa, bwawa linangojea tu mvua ya kulimaliza.

Kinachoangusha kutoka ndani hakionekani upesi. Mara nyingi huanza na mzizi wa mti uliooza, shimo la fuko, kichuguu cha mchwa, au bomba lililozikwa bila udongo kushindiliwa vizuri kandokando yake. Maji hufuata upenyo huo na kubeba chembe moja moja za udongo. Dalili yake ni rahisi kuitambua kwa anayejua: unyevu mpya upande wa chini wa ukuta, chemchemi ndogo ambayo haikuwepo mwaka jana, na hasa maji yanayotoka yakiwa na rangi ya tope. Maji safi yanayovuja kidogo huenda yakasubiri mhandisi. Yanayotoka machafu hayasubiri.

Maeneo mengi ya Ndhiwa, Lambwe na Nyatike yana udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Udongo huo huzuia maji vizuri wakati wa mvua, lakini kiangazi huuachia nyufa ambazo mtu anaweza kutumbukiza mkono. Bwawa likikauka Februari na kujaa kwa ghafla Aprili, maji hukuta nyufa hizo zikiwa wazi. Fundi mwenye ujuzi huuchanganya udongo huo na mwingine au kuufunika kwa tabaka lisilopasuka. Anayekimbizana na tarehe ya ufunguzi huenda asifanye hivyo.

Kuna pia tope. Mashamba yaliyolimwa hadi kingoni na njia za mifugo humimina udongo ndani ya bwawa kila msimu. Bwawa lililojaa tope hadi nusu huhifadhi nusu ya maji, na kwa kuwa ni la kina kifupi, jua hulinyonya upesi. Wakati huohuo, mvua ambayo zamani ingemezwa na bwawa sasa hulazimika kupita kwenye utoro. Kwa hiyo tope huleta kiu na hatari kwa pamoja. Hata kuliondoa kunahitaji uangalifu, kwani tingatinga likichimba karibu mno na kitako cha ukuta, au likiondoa tabaka la mfinyanzi lililokuwa likizuia maji yasipenye, bwawa hurudi likiwa bovu kuliko awali.

Jambo moja halizungumzwi vya kutosha. Mabwawa ya udongo yanayochimbwa kutoka ndani na maji huwa katika hatari kubwa zaidi yanapojaa kwa mara ya kwanza na katika miaka michache inayofuata. Huo ndio wakati ambao kwa kawaida sherehe zimekwisha na matingatinga yamehamia kwingine. Kipindi cha dhamana ya mwanakandarasi mara nyingi ni kifupi, na huweza kuisha kabla bwawa halijawahi kujaa hata mara moja.

Sheria inasema nini

Katiba ya mwaka 2010 haikuacha suala hili hewani. Katika Jedwali la Nne, usalama wa mabwawa umetajwa wazi kuwa kazi ya serikali ya kitaifa. Jedwali hilohilo linazipa kaunti huduma za maji, utekelezaji wa sera za kuhifadhi udongo na maji, na kukabiliana na majanga. Matokeo yake ni kwamba kaunti inaweza kulijenga bwawa na ndiyo itakayookoa watu likipasuka, lakini kulikagua ni kazi ya ngazi nyingine ya serikali.

Chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016, Mamlaka ya Rasilimali za Maji ndiyo inayotoa vibali na kusimamia matumizi ya maji katika mabonde. Sheria hiyo pia inatambua vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji katika ngazi ya vijito na mito midogo, vishirikiane kulinda maji na kutatua migogoro. Kwa maandishi, basi, mnyororo umekamilika kutoka Nairobi hadi kijijini.

Tatizo liko katika viungo. Mabwawa yanayojengwa kwa fedha za maeneo bunge, za wafadhili na za wadi hupita katika ofisi tofauti. Kila ofisi hupimwa kwa idadi ya miradi iliyokamilisha, na hakuna inayopimwa kwa idadi ya kuta zilizosalia imara baada ya miaka 10. Fedha za ujenzi huwa na jina la mtu. Fedha za kufyeka vichaka juu ya ukuta hazina jina la yeyote, na hakuna anayekata utepe kwa sababu utoro umezibuliwa.

Mfano wa kinyume uko hapohapo Migori. Kituo cha umeme cha Gogo katika Mto Kuja, kilichojengwa miaka ya 1950 wakati wa migodi ya Macalder, ni kidogo, chenye uwezo wa takriban megawati 2. Hata hivyo kina mwenyewe anayejulikana, kampuni ya KenGen, na kina wafanyakazi. Likitokea tatizo, kuna mlango wa kubisha. Silanga ya kijiji haina mlango huo.

Kupima ukuta, kuwasahau watu

Kanuni za Usimamizi wa Rasilimali za Maji za mwaka 2007 ziliyagawa mabwawa katika madaraja matatu. Lenye kina kisichofikia mita 5 na maji yasiyofika mita za ujazo 100,000 liliwekwa daraja la kwanza, la hatari ndogo. Kati ya hapo na kina cha mita 15 au mita za ujazo milioni moja ni hatari ya wastani, na kuzidi hapo ni hatari kubwa. Ukubwa wa eneo linaloleta maji pia ulizingatiwa. Kadiri bwawa linavyopanda daraja, ndivyo masharti ya usanifu na ukaguzi yanavyokaza.

Mizani hiyo ina mantiki, kwa kuwa ukaguzi ni ghali na wahandisi ni wachache. Lakini inapima ukuta na maji, haipimi watu. Bwawa la mita za ujazo 20,000, ambalo kwa kipimo hicho ni dogo kabisa, hubeba tani 20,000 za maji. Hayo ni malori 2,000 ya tani 10 yaliyoegeshwa mlimani. Yakiachiliwa juu ya malisho matupu, hasara ni ya nyasi. Yakiachiliwa juu ya shule au soko, jina la hatari ndogo litakuwa kejeli.

Mataifa mengine yalijifunza hilo kwa machozi. Mnamo Novemba 6, 1977, bwawa dogo la udongo la Kelly Barnes karibu na Toccoa, jimbo la Georgia nchini Marekani, lilipasuka usiku na kuua watu 39 katika chuo kilichokuwa chini yake. Baada ya mkasa huo, Rais Jimmy Carter aliagiza ukaguzi wa mabwawa yasiyo ya serikali kuu, na Georgia ikatunga sheria yake mwaka uliofuata. Nchini humo, kinachoamua daraja la hatari ni nani na nini kilicho chini ya bwawa. Afrika Kusini, kwa sheria yake ya maji ya mwaka 1998, huyafuatilia mabwawa yenye ukuta unaozidi mita 5 na maji yanayozidi mita za ujazo 50,000, kisha huyapanga kwa ukubwa wake pamoja na madhara yanayoweza kutokea.

Libya nayo ni onyo kwa wanaodhani kuwa maandishi yanatosha. Usiku wa kuamkia Septemba 11, 2023, mabwawa mawili yaliyojengwa miaka ya 1970 juu ya mji wa Derna yalivunjika katika dhoruba, na maelfu ya watu wakafa. Wataalamu walikuwa wameonya kuhusu hali yake. Kilichokosekana ni serikali yenye uwezo wa kugeuza onyo kuwa kazi.

Maji na usalama ni kazi moja

Katika ngazi ya kijiji, kosa kubwa ni kutenganisha ugavi wa maji na usalama wa ukuta, kana kwamba la kwanza ni la wananchi na la pili ni la wahandisi. Mfano ulio wazi ni utoro. Mwisho wa mvua, wafugaji wanaotazamia kiangazi kirefu hushawishika kuweka mawe au magunia ya mchanga kwenye utoro ili bwawa lishike maji zaidi. Kwa mtazamo wao, hiyo ni akili: kila sentimita ya maji ni siku kadhaa za kunywesha ng'ombe. Lakini mvua isiyotarajiwa ikinyesha Desemba, magunia hayo ndiyo yatakayoyasukuma maji juu ya ukuta.

Kuwakemea wafugaji hakutaondoa kishawishi hicho. Kitakachokiondoa ni kupata maji zaidi kwa njia salama: kuondoa tope, kupanda nyasi kandokando ya vijito vinavyoingia, au kuwa na silanga ya pili. Kamati ya maji inayojua kina cha bwawa lake kila wiki inaweza kugawa maji mapema, kupunguza mboga kabla ya kuwanyima mifugo, na kuacha utoro wazi. Isiyojua kina, hungoja hadi mgogoro uzuke.

Vivyo hivyo na mifugo. Ng'ombe wanaoshuka kunywa ndani ya bwawa hukanyaga ukuta, hukata njia za mmomonyoko na kuchafua maji. Hori lililojengwa chini ya bwawa na kupelekewa maji kwa bomba, pamoja na ua wa miiba, hutatua mambo matatu kwa mpigo mmoja: ukuta hubaki na nyasi zake, maji huwa safi zaidi, na watoto hupungua kingoni. Si jambo dogo katika eneo ambalo malaria na kichocho ni maradhi ya kawaida, na ambalo mashimo ya maji yasiyozungushiwa ua ni tishio kwa wadogo.

Hapa ndipo uanachama wa kamati huwa na maana. Anayechota maji kila siku ndiye wa kwanza kuona ukuta umelowa mahali papya, na mara nyingi huyo ni mwanamke. Kamati yenye wenye mifugo pekee itajua idadi ya ng'ombe wanaokunywa na isijue chemchemi imeanza kutoka wapi. Vilevile, kamati yenye wakazi wa juu ya ukuta pekee haina anayesemea wale wa chini, ambao aghalabu hawanufaiki na bwawa lakini ndio watakaolipia kosa lake.

Kinachowezekana sasa

Wapo wanaohofia kuwa masharti makali yatauwa ujenzi wa silanga kabisa. Hofu hiyo ina msingi. Kijiji kikidaiwa ada na michoro ya kitaalamu ambayo kinaweza kugharimu kuliko kuchimba kwenyewe, watu watachimba usiku bila kumwambia yeyote. Usalama unaohitajika kwa mabwawa madogo lazima uwe wa bei ya mabwawa madogo.

Hatua ya kwanza ni daftari. Wadi kwa wadi, machifu na manaibu wao, maafisa wa maji wa kaunti na vyama vya watumiaji wanaweza kuorodhesha kila bwawa na kila tuta linalozuia maji: lilipo, lilijengwa na nani, kimo cha ukuta, hali ya utoro, na nyumba, shule na barabara zilizo chini yake. Simu ya kawaida yenye kamera na uwezo wa kuonyesha mahali inatosha. Orodha hiyo ikifika kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, mhandisi mmoja atajua mabwawa machache ya kuyatembelea kwanza badala ya kupapasa gizani.

Ya pili ni mlinzi wa bwawa, anayejulikana kwa jina na kulipwa posho. Kazi yake ni ufito wa kupimia kina, daftari la shule na mzunguko wa kila wiki juu na chini ya ukuta, kila siku wakati wa mvua kubwa. Afundishwe dalili tano tu: utoro ulioziba, ukuta uliobonyea, ufa, mti au shimo la mnyama, na maji machafu yanayotoka chini. Awe na nambari ya kupiga simu, na upande wa pili awepo anayelazimika kuja.

Ya tatu ni ukaguzi wa pamoja mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika ya Machi na kabla ya vuli ya Oktoba. Ya nne ni kukubali kuwa mabwawa mengine yamezeeka na yanapaswa kufunguliwa kwa utaratibu, ukuta ukakatwa wakati wa kiangazi, kuliko kuachwa yajifungue yenyewe usiku wa mvua. Uamuzi huo ni mgumu kisiasa, na hauwezi kukubalika bila kijiji kupewa chanzo kingine cha maji kwanza.

Yote haya yanahitaji fungu la fedha, japo si kubwa. Kwa mujibu wa sheria ya fedha za umma, makadirio ya bajeti za kaunti hufikishwa katika mabunge yake kufikia Aprili 30 kila mwaka na kupitishwa kufikia Juni 30, na wananchi wana haki ya kushiriki. Huo ndio wakati wa kuwauliza wawakilishi wa wadi wa Migori na Homa Bay swali lililo rahisi: katika kila shilingi iliyotengewa kuchimba silanga mpya, ni senti ngapi zimetengewa kutunza zilizopo? Swali hilohilo linawafaa wabunge kuhusu fedha za maeneo bunge, na wafadhili kuhusu miradi yao.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema. Katika mabwawa ya udongo methali hiyo si fumbo. Gharama ya kuziba ufa ni siku chache za jembe na udongo ulioshindiliwa vyema. Gharama ya kutouziba ilionekana Solai. Kaunti hizi mbili bado zina nafasi ya kuchagua, mradi tu kila bwawa liandikwe jina la mtu atakayeulizwa.